Mwongozo Kamili wa Kukarabati Bodi ya Boti ya Faibaglasi Iliyotoboka au Kupasuka

Boti ya faibaglasi iliyogonga mwamba, gati au gogo linaloelea inaweza kurudi majini ikiwa na nguvu yake ya awali, mradi anayeitengeneza aelewe jambo moja kabla hajanunua hata mkebe mmoja wa resini, ile gundi ya kimiminika inayogandisha nyuzi za faiba: kiraka hakishikiliwi na unene wake, bali na upana wa faiba ya zamani kinayogusana nayo. Faiba iliyokwisha kukomaa haiyeyuki tena ikachanganyika na resini mpya. Resini mpya huishika kwa kunasa katika mikwaruzo ya msasa, na kwa hiyo kiraka kinene kilichobandikwa kwenye ukingo mwembamba wa tundu hubanduka kikiwa kizima siku boti inapopigwa na wimbi la kwanza la maana, ilhali kiraka chembamba kilicholazwa juu ya mshazari mpana, yaani mteremko uliochongwa kuzunguka tundu, hubaki mahali pake miaka mingi. Ukilishika hilo, utaona mara moja kwa nini sehemu kubwa ya kazi hii ni kuchunguza, kukausha na kusaga, na kwa nini upakaji wa resini wenyewe ni wa saa chache tu.

Kuchunguza: jeraha huwa kubwa kuliko linavyoonekana

Kwanza boti itolewe majini na iegemezwe vizuri, uzito wake ukikaa juu ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, na si juu ya sehemu iliyoumia. Bodi iliyopindika kwa sababu ya egemeo baya itagandishwa na kiraka chako katika umbo hilo la kupinda, na hakuna msasa utakaoirudisha. Osha chumvi, matope na mafuta kwa maji baridi na sabuni, ndani na nje, kisha ondoa mbao za sakafu, matangi, betri na chochote kinachokuzuia kuona upande wa ndani.

Faiba inapopigwa kutoka nje, upande wa nje hubonyea na upande wa ndani hunyooshwa, na nyuzi za kioo huanza kukatika pale zinaponyooshwa. Matokeo yake ni kwamba alama ndogo ya nje, yenye upana wa kidole, huweza kuwa na ufa wa ndani wenye urefu wa kiganja. Tazama upande wa ndani kwa taa iliyolazwa karibu na uso wa bodi ili mwanga upite kimshazari. Faiba iliyovunjika ndani yake hugeuka nyeupe au kuwa na ukungu, hata kama haijatoboka.

Baada ya macho, tumia masikio. Chukua sarafu au kipini cha plastiki cha bisibisi na ugongegonge polepole kuanzia sehemu unayoiamini ni nzima kuelekea kwenye jeraha. Faiba nzima hutoa mlio mkavu na mkali. Tabaka zilizoachana hutoa mlio mzito na uliozibwa, na mara nyingi mpaka kati ya milio hiyo miwili uko wazi kiasi kwamba unaweza kuuchora kwa penseli ya nta. Chora mpaka huo kila unapousikia, hadi duara lifunge. Duara hilo ndilo ukubwa halisi wa jeraha, na ukarabati utaanzia nje yake.

Fuata pia nguvu ya pigo ilikokwenda. Mataruma (mbavu za boti), boriti za urefu na kuta za ndani za boti hushikizwa kwenye bodi kwa vipande vya faiba, na pigo kali huweza kuvibandua umbali mkubwa kutoka palipogongwa. Ingiza ncha ya kisu chembamba kwenye pembe za maungio hayo. Kikiingia, ungio limeachia nalo linahitaji kutengenezwa pamoja na bodi. Nyufa ndogo zinazosambaa kwenye jelkoti, ile ngozi ngumu yenye rangi iliyo nje ya faiba, nazo zina habari ya kutoa. Zikisambaa kutoka katikati kama nyota, kuna kitu kiligonga hapo. Zikiwa sambamba, hasa karibu na ukuta wa ndani au mwisho wa boriti, basi bodi inapinda mahali hapo kila boti inapokimbia, na kuzijaza bila kuimarisha upande wa ndani ni kupoteza jelkoti.

Ikiwa boti ina kiini, yaani ubao mwepesi au povu gumu lililobanwa kati ya kuta mbili nyembamba za faiba, toboa matundu madogo ya kupimia kuelekea nje ya jeraha na uangalie unga unaotoka. Unga mkavu wenye rangi angavu ni dalili njema. Unga uliolowa, mweusi au wenye harufu ya kuoza una maana kwamba maji yamesafiri ndani ya kiini, na lazima uendelee kutoboa hadi upate pakavu.

Kukausha bila pupa

Resini haishiki penye unyevu, na faiba iliyovunjika hunyonya maji kupitia ncha za nyuzi zake zilizokatika. Hapa ndipo subira hupungua kwa watu wengi, nami sijui njia ya mkato inayofaa. Suuza jeraha mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani kila usiku, kisha acha hewa ipite. Pulizia hewa ya vuguvugu au weka taa ya joto kwa umbali ambao mkono wako unaweza kustahimili juu ya bodi. Usitumie moto wa gesi kamwe. Mvuke unaofungwa ndani hutenganisha tabaka ambazo zilikuwa nzima.

Ili kujua kama pamekauka, bandika kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 30 kila upande juu ya sehemu hiyo, ukifunga kingo zote kwa tepu, na ukiache usiku kucha na mchana wake. Ukikuta matone au ukungu upande wa ndani wa nailoni, endelea kukausha. Bodi iliyotoka majini juzi inaweza kuhitaji wiki kadhaa, na ile yenye malengelenge chini ya mstari wa maji, ambayo yakipasuliwa hutoa majimaji yenye harufu ya siki, huweza kuhitaji muda mrefu zaidi baada ya kila lengelenge kufunguliwa na kuoshwa.

Resini ipi, na faiba ya aina gani

Boti nyingi zimejengwa kwa resini ya poliesta, na ni kweli kwamba poliesta ni ya bei nafuu, hukauka haraka na hupokea jelkoti bila ugomvi. Hata hivyo, kwa jeraha lililo chini ya mstari wa maji au lililopenya bodi yote, ningechagua epoksi. Epoksi hushika faiba ya zamani kwa nguvu zaidi, husinyaa kidogo sana inapokauka, na hupitisha maji kidogo kuliko poliesta. Kasoro yake ni bei, na pia kwamba jelkoti ya kawaida, ambayo ni ya poliesta, haina uhakika wa kushika juu yake. Ukitengeneza kwa epoksi, panga kumalizia kwa rangi. Kwa jeraha la juu ya maji, kwenye ubavu unaong'aa ambao mwenye boti anataka ufanane na sehemu nyingine, poliesta au vinailesta (resini inayokaribiana na poliesta) pamoja na jelkoti ndiyo njia ya busara. Kumbuka tu mpangilio huu: epoksi hukaa vizuri juu ya poliesta iliyokomaa, lakini poliesta haikai vizuri juu ya epoksi.

Faiba huchaguliwa kulingana na resini. Mkeka wa nyuzi fupi, ule wenye nyuzi zilizotawanyika ovyo, umeshikizwa kwa gundi ya unga au ya maji ambayo huyeyushwa na kemikali iliyomo kwenye poliesta. Epoksi haiyeyushi gundi hiyo, hivyo mkeka hubaki mgumu na haulowani sawasawa. Ukitumia epoksi, nunua kitambaa kilichofumwa, au kile cha nyuzi za pande mbili zilizoshonwa kwa uzi. Ukitumia poliesta, changanya mkeka na kitambaa kizito kilichofumwa kwa zamu, ukianza na mkeka unaogusa faiba ya zamani, kwa sababu mkeka hujaza vishimo na kubeba resini ya kutosha kuunganisha tabaka.

Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba ukikomaa na poliesta hutoa unene wa takriban milimita 1, na hunywa resini yenye uzito wa mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Kitambaa kilichofumwa hunywa resini inayokaribia kulingana na uzito wake. Pima unene wa bodi kwenye ukingo wa tundu, nawe utajua idadi ya tabaka.

Kinga ambayo haina mjadala

Unga wa faiba huwasha ngozi, na ukivutwa mapafuni hudhuru. Mvuke wa poliesta huumiza kichwa na kuchosha fahamu, na epoksi inayogusa ngozi mara kwa mara huzalisha mzio ambao ukishakupata haukuachi. Wakati wa kusaga vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, miwani iliyofungwa pembeni na nguo za mikono mirefu. Wakati wa kupaka resini vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na glavu za naitrili. Usinawe mikono kwa asetoni, kile kiyeyushi cha kusafishia, kwa kuwa huondoa mafuta ya ngozi na kurahisisha kemikali kupenya; tumia sabuni.

Kigumishi cha poliesta, yaani kemikali inayochanganywa na resini ili igande, ni peroksaidi, na tone lake moja jichoni linaweza kuleta upofu. Weka chombo cha maji safi karibu na mkono kabla hujafungua chupa yake. Likirukia jicho, anza kusuuza papo hapo, endelea kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Ikiwa unatumia resini ambayo kichapuzi chake cha kobalti (kemikali ya kuharakisha ugandaji) huuzwa pembeni, kichapuzi na kigumishi visikutane moja kwa moja hata kidogo, kwani huweza kulipuka. Kimoja huchanganywa kwenye resini kikamilifu kwanza, ndipo kingine kifuate. Mabaki ya resini yaliyoachwa kwenye kopo hupata joto hadi kutoa moshi, hivyo yamwage kwenye chombo bapa nje ya jengo, mbali na asetoni na matambara.

Kukata na kuchonga mshazari

Futa eneo lote kwa kitambaa safi chenye asetoni kabla ya kugusa msasa, si baada yake peke yake. Nta na mafuta vikiwa bado juu ya bodi, msasa utavisukuma ndani ya mikwaruzo ile ile unayoitegemea. Futa kwa kitambaa kimoja, kausha kwa kingine kabla asetoni haijaruka, na ubadilishe vitambaa mara nyingi. Kama kuna rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, iondoe kwa msasa wa maji na ukusanye taka yake. Unga wake mkavu ni sumu.

Sasa kata. Ondoa faiba yote iliyovunjika au kuachana, hadi kwenye duara ulilochora, na usiache pembe kali. Tundu la mviringo au la yai hugawa nguvu sawasawa, ilhali pembe ya mraba huwa mwanzo wa ufa mpya. Inauma kuona tundu la upana wa kidole likigeuka la upana wa kiganja, lakini faiba iliyokufa haina faida yoyote ikibaki ndani ya bodi.

Kisha amua utafanyia kazi upande gani. Kwa matundu mengi mimi hupendekeza mshazari uchongwe upande wa nje, kwa sababu unasimama kwenye hewa safi, unaona unachofanya, na kusawazisha ni rahisi. Upande wa ndani unafaa pale ambapo jelkoti ya nje karibu yote ni nzima na unaweza kubana kibao laini kilichopakwa nta upande wa nje, ukaanza na jelkoti na kufuatisha faiba kwa nyuma.

Uwiano unaotumika kwa bodi ya boti ni 12 kwa 1: kwa kila milimita 1 ya unene, mshazari uende milimita 12 kutoka ukingoni. Bodi ya milimita 6 inahitaji mshazari wa milimita 72 kila upande, kwa hiyo tundu la sentimita 10 linakuwa eneo la kazi lenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 24. Chora duara la ndani na la nje, kisha anza kwa grenda yenye diski ya msasa namba 40 au 60, ukiilaza karibu sambamba na bodi na kuisogeza wakati wote. Ukingo wa tundu unapaswa kuishia mwembamba kama ncha ya kisu, na mteremko uwe ulionyooka, usio na bonde wala ngazi.

Mshazari mzuri unajionyesha wenyewe. Tabaka za zamani hutokea kama pete zinazofuatana, moja ndani ya nyingine, kila moja na mfumo wake wa nyuzi. Pete zikiwa na upana unaolingana kuzunguka tundu lote, mteremko wako uko sawa. Pete ikibanana upande mmoja, hapo umechonga kwa ghafla mno. Mahali palipobaki pa kung'aa bado hapajasagwa, na resini haitashika hapo. Malizia kwa msasa namba 80 kwa mkono, panua eneo la jelkoti lililokwaruzwa sentimita chache zaidi ya mshazari, nyonya vumbi, futa tena kwa asetoni, na tangu hapo usiguse uso huo kwa mkono mtupu.

Kuziba mgongo wa tundu

Tabaka za kwanza zinahitaji kitu cha kulalia. Ukiweza kufika ndani, bana kipande cha plywood nyembamba au plastiki ngumu inayofuata mkunjo wa bodi, kikiwa kimefunikwa nailoni au kupakwa nta isiyonata, nawe utakiondoa baadaye. Mkunjo ukiwa mkali, unaweza kutengeneza bamba lenye umbo sahihi kwa kulaza tabaka mbili za faiba juu ya nailoni kwenye upande wa pili wa boti, mahali panapolingana, ukikumbuka kwamba upande wa pili ni kama taswira ya kioo na kwamba bamba hilo linafaa tu pale mkunjo unapolingana omo na tezi.

Usipoweza kufika ndani, tengeneza bamba jembamba la tabaka mbili za faiba kubwa kidogo kuliko tundu, likauke, lipitishe katika tundu likiwa limekunjwa au kuingizwa kimshazari, kisha livute kutoka nje kwa waya mbili zilizopitishwa katikati yake. Pakaa ukingo wake epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wa silika, lifungie waya kwenye kijiti kilicholala juu ya tundu, na uliache ligande. Bamba hilo litabaki ndani ya boti daima, kwa hiyo lisagwe pande zote kwenye kingo zake kabla ya kuingizwa.

Kwa boti yenye kiini, ukuta wa ndani hutengenezwa kwanza. Kisha kiini kipya cha aina na unene ule ule hukatwa kujaza pengo na kugundishwa kwa epoksi nzito, na ukuta wa nje hufuata ukiwa na mshazari wake wenyewe.

Kulaza tabaka

Kata vipande vyote kabla ya kuchanganya resini. Kwa mfano wetu wa bodi ya milimita 6 na mkeka wa gramu 450, utahitaji vipande sita, kikubwa kikiwa na kipenyo cha takriban sentimita 24 na vinavyofuata vikipungua karibu sentimita 2.5 kila kimoja. Vyote pamoja huwa na uzito wa gramu 70 hivi, kwa hiyo gramu 200 za poliesta zinatosha pamoja na ile itakayobaki kwenye brashi. Ukibadilishana na kitambaa kilichofumwa, rekebisha hesabu, lakini pima. Kukisia kwa macho ndiko kunakoleta kopo la resini linaloganda likiwa nusu.

Mafundi hawakubaliani kama kipande kikubwa kitangulie au kifuate mwisho. Mimi huanza na kikubwa, kwa kuwa nyuzi zake hugusa mshazari wote moja kwa moja, na msasa wa kusawazisha utakula vipande vidogo vya juu badala ya kukata ile tabaka inayofunga jeraha lote.

Chagua saa ambayo bodi inaanza kupoa, kivulini, joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25. Bodi inayozidi kupata joto husukuma hewa iliyomo kwenye vitundu vyake, na hewa hiyo huibuka kama mapovu chini ya kiraka. Kigumishi cha poliesta huwekwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini, kulingana na joto na maelekezo ya mtengenezaji. Kwa gramu 200, asilimia 1.5 ni kama mililita 3. Usishuke chini ya asilimia 1 kwa kutaka muda zaidi, maana resini hiyo haitakomaa kikamilifu hata ungengoja mwezi. Epoksi ni tofauti kabisa: uwiano wake haubadilishwi kwa sababu yoyote, na muda wa kazi huongezwa kwa kununua kigumishi cha polepole.

Pakaa resini tupu kwenye mshazari kwanza, kisha laza kipande cha kwanza na ukigonge kwa ncha ya brashi badala ya kuiburuza, kwa sababu kuburuza huhamisha nyuzi. Mkeka mkavu ni mweupe. Unapolowana weupe hufifia hadi unaona faiba ya zamani kupitia ndani yake, na hiyo ndiyo dalili unayoingojea. Palipobaki weupe pana hewa au ukavu. Pitisha rola ya chuma yenye mifereji kutoka katikati kwenda ukingoni, taratibu, hadi mapovu yatoke. Resini ikidimbwika, ifyonze kwa brashi kavu, kwani resini ya ziada haina nguvu, ni uzito na wepesi wa kupasuka tu.

Laza tabaka tatu au nne kwa mfululizo, halafu pumzika. Tabaka nyingi zikiwekwa kwa mara moja hutoa joto kali, na kiraka hukunjamana au kubadilika rangi. Resini ya poliesta isiyo na nta hubaki na unato kidogo usoni, na tabaka zinazofuata siku hiyo hiyo hushikana nayo kikemikali. Ile yenye nta lazima ipigwe msasa kwanza. Resini kwenye kopo inapoanza kuwa kama jeli, iache. Kuisukuma kwenye faiba katika hali hiyo huacha mafungu yasiyoshika popote.

Juu ya tabaka ya mwisho ya epoksi weka kitambaa cha nailoni cha kubandua, ukilainishe kwa rola, na ukivute siku inayofuata. Huacha uso safi uliokwaruzika, na huondoka na ule utando wenye utelezi ambao epoksi hutoa inapokauka. Usipokitumia, osha utando huo kwa maji na brashi ngumu kabla ya msasa wowote. Asetoni peke yake huusambaza tu.

Kusawazisha

Kiraka kikishakuwa kigumu, sagia chini vilima kwa msasa namba 80 hadi kiwe chini ya uso wa bodi kwa milimita 1 au pungufu. Jaza kwa puti iliyotengenezwa kwa resini ile ile ya kiraka. Chini ya mstari wa maji tumia epoksi iliyojazwa unga unaofaa maji, na uepuke puti ya magari, ambayo hunyonya maji na kuvimba. Ipake ikiwa juu kidogo ya uso, kwa ubapa mpana unaoweza kupinda, kwa pigo moja refu.

Msasa wa kusawazisha ubandikwe kwenye ubao mrefu unaopinda kidogo, nao usuguliwe kimshazari upande mmoja kisha upande mwingine, mistari ikikatana. Kisagio kidogo cha umeme hufuata mabonde badala ya kuyafichua. Pulizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi kabla ya kusugua. Weusi unaobaki ni bonde, na unaotoweka mara moja ni kilima. Kiganja kilichovaa glavu nyembamba ya pamba, kikipitishwa polepole huku macho yakiwa yamefumbwa, hugundua wimbi ambalo jicho halilioni hadi rangi ing'ae.

Jelkoti au rangi

Kwa kiraka cha poliesta, jelkoti ipakwe kwa unene wa takriban milimita 0.5, kwa mipako miwili au mitatu. Kabla ya kulinganisha rangi, ng'arisha kwanza sehemu ya zamani iliyo karibu, kwa maana jua limeifubaza. Ukilinganisha na ule ufifi, kiraka kitajitokeza siku boti itakapong'arishwa. Changanya rangi kidogo kidogo, upake doa kwenye tepu iliyobandikwa juu ya bodi, na uliache likauke kabla ya kuamua. Jelkoti haikauki usoni inapoguswa na hewa, hivyo ongeza nta maalumu kwenye mpako wa mwisho au uifunike kwa nailoni iliyonyooshwa. Ikikomaa, isugue kwa maji kwa msasa namba 320, kisha 400, 600, 800 na 1000, bila kuruka hatua, halafu dawa ya kung'arishia.

Kwa epoksi iliyo chini ya maji, pakaa epoksi tupu mipako mitano au sita ya kuzuia maji, kila mmoja ukiwahi kabla ule wa chini haujakomaa, kisha rangi ya msingi na rangi ya kuzuia viumbe. Juu ya maji, epoksi lazima ifunikwe kwa rangi, kwa sababu jua huiharibu.

Kabla ya kurudi majini

Jaribu ukomavu wa poliesta kwa kitambaa chenye asetoni kilichosuguliwa mahali pasipoonekana. Uso ukinata, resini bado, na joto la vuguvugu kwa siku moja au mbili husaidia. Iache boti walau wiki moja katika hali ya hewa ya joto kabla ya kuishusha, na zaidi kukiwa na baridi. Rudisha maungio ya mataruma na kuta za ndani uliyokuta yameachia, na acha sehemu ya ndani ya kiraka bila sakafu katika safari za mwanzo. Baada ya kila safari, panguse pakavu, mulika kwa taa ya kulaza na ugonge tena kwa sarafu kuzunguka ukingo wa mshazari. Mstari mweupe au mlio mzito ukitokea hapo, kiraka kinaachia, nacho kifunguliwe kabla boti haijatoka tena.